Diski ya Pili: Historia ya Kuongeza Hifadhi ya Kompyuta za Mezani, Karagwe na Kyerwa

Kuongeza hifadhi ya ndani ya kompyuta ya mezani ni kufungua kasha lake, kufunga diski nyingine kando ya iliyopo au kuing'oa ya zamani na kuweka kubwa zaidi, kuunganisha waya wa umeme na waya wa data, kisha kuiandaa diski hiyo mpaka mfumo endeshi uitambue. Kwa fundi mzoefu ni kazi isiyozidi nusu saa. Lakini katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, upande wa magharibi wa Mkoa wa Kagera, kazi hiyo ina historia yenye mwendo wake. Kompyuta nyingi ziliingia huko zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na kila mashine ilikuja na mipaka ya mwaka iliotengenezwa. Mafundi wa miji ya Kayanga, huko Karagwe, na Nkwenda, huko Kyerwa, walijikuta wakipambana na vizuizi ambavyo viwanda vilikuwa vimeviondoa miaka mingi kabla.

Diski kuu ya kwanza kuuzwa kibiashara ilitolewa na IBM mwaka 1956, ikiwa sehemu ya kompyuta iliyoitwa 305 RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na ilihifadhi herufi milioni 5, sawa na wimbo mmoja wa simu ya leo. Miaka tisa baadaye, mwaka 1965, Wizara ya Fedha jijini Dar es Salaam ilifunga kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Enzi hizo hakuna aliyezungumzia kuongeza diski kwa bisibisi. Mashine ilijaza chumba, na hifadhi zaidi ilimaanisha mkataba mpya na kampuni iliyoileta.

Kisha ikaja marufuku. Mwaka 1974, baada ya matatizo ya mahesabu ya serikali yaliyohusishwa na mashine hizo, Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa kibali maalumu. Masharti hayo yalianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na huo ndio muongo ambao kompyuta ya mezani ilisambaa kwingineko duniani. Hivyo nchi ilikosa hatua ya kwanza kabisa ya jambo hili: diski ya ST-506 ya mwaka 1980 yenye megabaiti 5, na kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 iliyokuja na megabaiti 10 ndani ya kasha. Karagwe, ambayo hadi 1979 ilikuwa sehemu ya mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi, iliendelea na leja, makabati ya mafaili na mashine za kupiga chapa. Hesabu za kahawa za vyama vya msingi, rejesta za wagonjwa wa hospitali za misheni na orodha za wanafunzi ziliandikwa kwa mkono. Hifadhi ilipojaa, liliongezwa kabati.

Mabadiliko yaliyoifanya kazi hii iwe ya fundi wa kawaida yalitokea mwaka 1986, Western Digital na Compaq waliposhirikiana kuunda mfumo ulioitwa IDE. Kabla yake, diski ilitegemea kadi ya pekee iliyochomekwa kwenye ubao wa kompyuta, na kadi na diski zilipaswa kuelewana. IDE ilihamishia akili ya uendeshaji ndani ya diski yenyewe. Kilichobaki nje kilikuwa kebo bapa ya pini 40, pana kama mkanda, iliyoweza kubeba diski mbili. Ili zisigombanie njia, kimoja kilipangwa kuwa kifaa kikuu na kingine kuwa cha pili, kwa kuhamisha kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani, jampa, kati ya pini za nyuma ya diski. Jampa ndilo lililokuwa somo la kwanza la kila fundi wa kizazi hicho. Diski mbili zikipangwa zote kuwa kuu, mara nyingi mashine haioni hata moja, na mwenye kompyuta anaamini kazi zake zote zimepotea. Ramani ya jampa ilichapishwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. Karatasi hiyo ikichanika, fundi alibaki kujaribu nafasi moja baada ya nyingine.

Kabla ya diski, hata hivyo, unakuja umeme. Kwa miaka mingi Kagera haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka Uganda kwa njia ya kilovoti 132 kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka, na hitilafu ya upande wa pili wa mpaka ilizima taa Kayanga. Nje ya miji midogo, nguzo zilichelewa zaidi. Shule, parokia na zahanati ziliendesha kompyuta kwa jenereta au kwa sola yenye betri na inveta. Hapo ndipo gharama ya diski ya pili inapoonekana kwa namna isiyoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya. Diski ya inchi 3.5 hutumia wati 6 hadi 9 ikiwa kazini, lakini sekunde chache za mwanzo, sahani zinapoanza kuzunguka kutoka kusimama, huvuta zaidi ya wati 20. Diski mbili zikiwaka pamoja kwenye inveta ndogo, juu yake kukiwa na skrini ya kioo kinene yenye kiu ya umeme kuliko kompyuta yenyewe, mashine hujizima kabla haijamaliza kuamka. Mara nyingi lawama hutupiwa diski mpya, ilhali kosa liko kwenye pawa saplai iliyochoka au betri iliyokwisha nguvu.

Kukatika kwa umeme ghafla kuliogopwa kuliko kulivyostahili kwa upande mmoja, na kulipuuzwa kwa upande mwingine. Vichwa vya kusomea havigusi sahani. Huelea juu ya pazia jembamba la hewa. Diski za miaka ya 1990 na kuendelea zina njia ya kutumia mzunguko wa sahani zenyewe kuvirudisha vichwa mahali salama umeme unapokatika, kwa hiyo si kila kuzimika kulikwangua sahani. Kilichoharibika mara nyingi ni jedwali la mafaili, kwa kuwa uandishi ulikatizwa katikati. Faili lipo, ila anuani yake imepotea. Vumbi jekundu la barabara za Karagwe nalo lilisingiziwa sana. Diski huwa na tundu dogo la kusawazisha hewa lenye kichujio. Vumbi haliingii kirahisi, ila huziba feni na mapezi ya kupoozea, na joto likifanya kazi yake polepole diski huisha umri mapema. Mwinuko wa nchi haukuwa tatizo, maana viwanda huruhusu diski kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Karagwe haviufikii urefu huo.

Kompyuta zilianza kuonekana kwa wingi katika wilaya hizi katika miaka ya 2000, Tanzania ilipopata sera yake ya kwanza ya TEHAMA mwaka 2003. Nyingi zilikuwa mitumba: mashine za ofisi za Ulaya zilizopita Dubai na kuishia Kariakoo, nyingine zilizotolewa msaada kwa shule na makanisa, nyingine zilizonunuliwa Kampala, mji ulio karibu zaidi na Murongo iliyo mpakani au Kayanga kuliko Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka huko. Njia ya Kampala ilianza kuwa ngumu pale Uganda ilipotangaza mwaka 2009 kuzuia uingizaji wa kompyuta zilizotumika, pamoja na friji na televisheni, kwa hoja ya kuepuka takataka za elektroniki. Bidhaa za mipakani hazikukoma kwa tangazo.

Mitumba hiyo ndiyo iliyoleta mipaka ya zamani. Mpaka wa kwanza ulikuwa wa megabaiti 528. Programu ya BIOS, ile inayoamsha kompyuta, na diski zilihesabu nafasi kwa njia tofauti, na palipokutana hesabu zote mbili ziliruhusu silinda 1,024, vichwa 16 na vipande 63 tu, kila kipande kikiwa na baiti 512. Ukizidisha, hupati zaidi ya hapo. Mpaka huo ulivukwa katikati ya miaka ya 1990, ukafuata wa gigabaiti 8.4, uliofika mwisho karibu na 1998, halafu wa gigabaiti 32 uliotokana na kosa katika baadhi ya programu za BIOS. Kwa huu wa gigabaiti 32 viwanda vya diski vilibuni hila: jampa la ziada lililoifanya diski ijitambulishe kuwa ndogo kuliko ilivyo, ili mashine ya zamani isigande wakati wa kuwaka. Fundi asiyejua hila hiyo aliweza kuuziwa diski ya gigabaiti 80 iliyotumika, akaifunga, akaona gigabaiti 32, akaamini ametapeliwa. Aliyemuuzia naye hakujua.

Mpaka uliosumbua zaidi ulikuwa wa gigabaiti 137. IDE ilitumia anuani za biti 28, na idadi ya anuani hizo ikizidishwa kwa baiti 512 haizidi kiwango hicho. Kanuni mpya ya biti 48 ilipitishwa mwaka 2002, na Windows XP ikaipokea katika nyongeza yake ya kwanza ya mwaka huohuo. Ila CD za Windows XP zilizozunguka Afrika Mashariki zilikuwa nakala za nakala, nyingi zikiwa za toleo la mwanzo kabisa. Diski ya gigabaiti 160 ikifungwa kwenye mashine ya namna hiyo, bahati njema ilikuwa ni kuonekana 137 tu. Bahati mbaya ilikuwa diski iliyogawanywa kwenye mashine mpya kisha ikahamishiwa kwenye ya zamani: data zilipovuka mstari wa 137, mfumo uliweza kuzunguka na kuandika juu ya mwanzo wa diski, mahali penye jedwali la mafaili. Miezi ilipita kila kitu kikiwa sawa, kisha siku moja diski nzima ikasomeka tupu. Kosa la aina hii lilifanya wengi waone kwamba diski kubwa "hazidumu".

Kulikuwa pia na ugomvi wa hesabu ambao haujaisha hadi leo. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa vipeo vya mbili. Diski ya gigabaiti 80 huonekana kuwa na 74.5. Mteja anayehesabu kila shilingi huona zaidi ya gigabaiti tano zimeliwa, na fundi hutumia muda mrefu zaidi kueleza kuliko aliotumia kufunga.

Swali la msingi ni kwa nini watu wa wilaya mbili za wakulima wa kahawa, migomba na maharage walihitaji nafasi hiyo yote. Jibu linaanza na mtandao. Kabla ya nyaya za baharini kufika Dar es Salaam mwaka 2009, na kabla Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano haujasambaa mikoani, hakuna kilichoweza kuachwa mbali kikafuatwa siku kinapohitajika. Programu, fomu, mitihani ya zamani, dawa za virusi, nyimbo na filamu, vyote vilikaa ndani ya kasha. Duka la stesheneri lililotoa kopi na kupiga chapa barua karibu na ofisi za wilaya lilihitaji kutunza kila kazi ya kila mteja, kwa sababu mteja hurudi baada ya mwaka kutaka barua ileile ibadilishwe tarehe. Kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu kiliishi kwa ukubwa wa diski yake: mwenye nyimbo nyingi ndiye mwenye wateja.

Redio ilikuwa na njaa kubwa zaidi. FADECO, redio ya jamii ya Karagwe iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2007 na kujulikana kwa vipindi vyake vya wakulima, ni mfano wa kazi ambayo haiwezi kuishi kwenye diski ndogo. Sauti isiyobanwa, yenye ubora wa CD, hula karibu megabaiti 10.6 kwa dakika, yaani 635 kwa saa. Diski ya gigabaiti 80 hujaa kwa saa 126 za rekodi. Sauti hiyohiyo ikibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 huchukua megabaiti 58 kwa saa, na diski ileile hubeba zaidi ya saa 1,300. Kituo cha redio chenye bajeti ndogo huwa na njia tatu tu: kubana, kufuta au kuongeza diski. Kufuta mahojiano na mzee anayeeleza jinsi mbegu fulani ya migomba ilivyokuwa ikitunzwa ni hasara isiyofidiwa na diski yoyote itakayonunuliwa baadaye, na hapo gharama ya diski ya pili huonekana ndogo.

Sababu nyingine ilikuwa virusi. Flashi zilihamisha kazi kutoka ofisi hadi ofisi na kusambaza virusi kwa kasi iliyozidi ya intaneti yenyewe. Dawa ya uhakika, kwa mafundi wengi, ilikuwa "kupiga Windows", yaani kufuta kila kitu na kusimika mfumo upya. Ili mteja asipoteze kazi zake, ikazuka desturi ambayo imeshika mizizi Tanzania nzima: mfumo hukaa C, kazi hukaa D. Mwanzoni D ilikuwa kipande cha diski hiyohiyo iliyogawanywa. Fundi makini alishauri D iwe diski nyingine kabisa, kwa kuwa diski moja ikifa, vipande vyake vyote hufa pamoja. Kwa desturi hiyo diski ya pili iligeuka kuwa akiba, hata pale ambapo ya kwanza haijajaa. Ilikuwa akiba yenye upungufu, kwa kuwa zote mbili zilikaa kwenye kasha moja: radi ikipiga nyaya, na Kagera si mkoa wa radi chache, pawa saplai huweza kuondoka na diski zote mbili kwa pigo moja.

Mfumo wa SATA ulioanza kuuzwa mwaka 2003 uliondoa kebo bapa na jampa kwa pamoja. Kila diski ilipata tundu lake na kebo yake nyembamba, hakukuwa na mkuu wala wa pili. Kwa Karagwe faida hiyo ilikuja kwa kuchelewa, na ilikuja na hasara. Mashine za IDE zilikuwa bado nyingi, na viwanda vilipohamia SATA, diski mpya za IDE zilipungua sokoni na bei yake kupanda, hivyo mwenye mashine kuukuu alilipia gigabaiti chache kwa bei ya nyingi. Plagi ya umeme nayo ilikuwa tofauti: pini nne kubwa za zamani haziingii kwenye diski ya SATA bila kiunganishi. Viunganishi vya bei rahisi vilikuwa na nyaya zilizosogeleana mno ndani ya plastiki, na baadhi viliungua. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski, zikiwemo karakana za Western Digital, na bei ikapanda dunia nzima kwa miezi mingi. Mafundi walirudi kwenye kuokota diski kutoka mashine zilizokufa.

  

Mwaka 2012 Kyerwa ilitengwa na Karagwe kuwa wilaya inayojitegemea. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa. Wilaya mpya ilimaanisha halmashauri mpya, na ofisi ambazo kumbukumbu zake za awali zilikuwa Kayanga. Miaka iliyofuata iliondoa vikwazo kadhaa kwa mpigo: lami ya Kyaka hadi Bugene, miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini iliyopeleka nguzo vijijini, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 mtambo wa maji wa megawati 14 wa Kikagati–Murongo, mpakani kabisa, kwenye Mto Kagera. Mifumo ya serikali ikahamia kwenye seva za mbali, na kompyuta ya ofisi ikawa dirisha zaidi kuliko ghala. Mahitaji ya nafasi yakahama kutoka ofisini kwenda kwa wapiga picha za harusi na video, ambao faili zao ni kubwa kuliko za halmashauri nzima. Wao ndio waliokutana na mpaka wa mwisho wa aina yake: diski inayozidi terabaiti 2 haitumiki yote mpaka igawanywe kwa mpangilio wa GPT badala ya MBR wa zamani, na mashine ya zamani kwa kawaida haiwezi kuwaka kutoka kwenye diski ya GPT, ijapokuwa yaweza kuitumia kama D.

Badiliko kubwa la hivi karibuni ni SSD, hifadhi isiyo na sahani wala vichwa. Mwanzoni ilikuwa ghali mno kwa gigabaiti, ikashuka bei katika miaka ya 2010 hadi ikawa dawa ya kawaida ya kufufua mashine nzito. Mpangilio unaopendelewa ni SSD ndogo ya gigabaiti 120 au 240 kwa ajili ya mfumo, na diski ya zamani kubaki kuwa D. SSD ya inchi 2.5 huvuta wati 2 au 3 na haihitaji volti 12, jambo linaloifaa sola. Katika kasha la mezani hufungwa kwa kishikio, na pasipo kishikio hubandikwa kwa gundi ya povu, maana haina kinachozunguka cha kutikisika. Aina mpya ya M.2 huchomekwa moja kwa moja kwenye ubao, lakini mitumba mingi haina tundu lake. Kadi ya kubadilishia huwekwa kwenye nafasi ya PCIe, ikiwa BIOS itakubali kuwaka kutoka humo; isipokubali, M.2 hutumika kuhifadhi tu na mfumo hubaki kwenye SATA.

Diski iliyotolewa haitupwi. Ikiwa nzima huwekwa kwenye kasha dogo la nje lenye waya wa USB na kugeuka kuwa akiba ya kubeba, nje ya mashine na mbali na radi. Ikiwa imeanza kutoa mlio wa kugonga, hunakiliwa haraka kilichobaki, na sumaku zake kali huishia kwenye meza ya fundi zikishikilia bisibisi na skrubu.